Kigali Haikosi Wakaaji, Inakosa Pa Kukaa

Kuna kauli ambayo yeyote aliyeishi Kigali kwa muda ameisikia, kwa mtaalamu wa mipango miji, kwa mwenye kiwanja, kwa mzazi anayemtafuta kijana wake jioni: mwenye shughuli yuko kazini, aliyemaliza shughuli yuko kwake, na anayeonekana mahali pengine popote anajitafutia matatizo. Kwa kauli hiyo, benchi la bure chini ya mti ni mwaliko wa uvivu, uwanja usio na jengo ni mtaji uliolala, na vijana watano wakisimama kwenye kona ni kazi ya askari. Wanaoisema hawana nia mbaya. Wanaipenda Kigali ilivyo, barabara zilizofagiwa na ule utulivu ambao wageni kutoka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam huusimulia wakirudi kwao. Wanaogopa kuupoteza.

Hata hivyo kauli hiyo ni ya makosa, na hasara yake inakua pamoja na jiji lenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,745,555 katika wilaya tatu za Kigali: Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge. Maelfu kwa maelfu kati yao ni vijana waliokuja kutafuta maisha na kupanga chumba kimoja chenye kitanda, jiko la mkaa mlangoni na ukuta unaopitisha kila neno la jirani. Mtu huyo akitoka kazini hana sebule ya kumketisha rafiki. Kumwambia arudi nyumbani ni kumwambia akakae kitandani hadi usingizi umjie.

Hoja ya kwanza ya watetezi wa kauli hiyo husemwa kwa sauti ya kujiamini, hata na Wanyarwanda wenyewe: sisi ni watu wa faragha, ua wetu ni mrefu, hatukai barazani kama watu wa pwani. Hoja hii ingekuwa na uzito kama Kigali isingekwisha kuijibu kwa vitendo.

Mwaka 2015 jiji lilifunga kipande cha barabara katikati ya mji ili magari yasipite. Lami ikabaki tupu. Hapakuwa na kivuli wala kiti wala kibanda cha maji. Wenye maduka walilalamika kwamba wateja wamewakimbia, na wakosoaji wakapata ushahidi waliokuwa wakiutaka: mnaona, watu hawana haja ya mahali pa kukaa. Kisha eneo hilohilo likajengwa upya. Lilipofunguliwa mwaka 2022 kwa jina la Imbuga City Walk, lilikuwa na viti, miti, taa, vibanda vya vinywaji, sehemu ya watoto kuchezea na njia ya baiskeli. Watu walewale walioitwa wa faragha wakaja. Wanafunzi wanakaa na vitabu, wapenzi wanapigana picha, wazee waliotoka benki wanapumzisha miguu kabla ya kupanda basi. Tabia ya Wanyarwanda haikubadilika kati ya mwaka 2015 na 2022. Kilichobadilika ni kwamba safari hii walipewa pa kukaa.

Biryogo nayo ilitoa jibu lake, tena bila kukusudia. Mtaa huu ulio mlangoni mwa Nyamirambo ndio moyo wa Waswahili wa Kigali. Wafanyabiashara wa pwani waliofika zama za Wajerumani walitulia upande huu, msikiti wa Al-Fatah ukajengwa mwaka 1913, miaka michache tu baada ya Mjerumani Richard Kandt kuanzisha kituo chake cha utawala mwaka 1907, na baadaye Wabelgiji wakawatengea wakazi hao eneo lililojulikana kama Camp Swahili. Mwaka 2021, corona ikiwa imebana migahawa, jiji liliruhusu meza zitolewe nje ili watu wakae kwa nafasi, na magari yakazuiwa. Lami ikapakwa rangi, miavuli ikasimama, chai na nyama choma zikahamia katikati ya njia. Corona ilipopungua hakuna aliyetaka meza zirudi ndani. Leo Biryogo ni mahali ambapo mtu wa Kacyiru mwenye gari zuri anakaa bega kwa bega na fundi wa pikipiki, na Kiswahili kinasikika meza hadi meza. Mtaa ambao kwa miaka mingi ulitajwa mjini kwa msongamano wake sasa unatajwa kwa watu wanaopanga kwenda huko.

Tena kuna Jumapili zisizo na magari. Zilianza Mei 2016, mara moja kwa mwezi, na kuanzia mwaka 2018 zikawa mara mbili. Barabara kuu hufungwa asubuhi, watu wakakimbia, wakaendesha baiskeli, wakafanya mazoezi ya viungo kwa pamoja, na wahudumu wa afya wakawapima shinikizo la damu na kisukari papo hapo. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyosifiwa. Mtu asiyejisikia mgonjwa hapendi kwenda kituo cha afya, lakini akiwa tayari amesimama na wenzake barabarani, akiwa na jasho na furaha, hunyoosha mkono apimwe. Wizara ya Afya imepata bure kitu ambacho matangazo ya redio hayakuweza kukileta.

Kwa hiyo habari ya Mnyarwanda asiyependa kukaa na watu iwekwe kando. Na kama bado kuna mwenye shaka, aingie kwenye baa ya maziwa.

Miji mingine mikubwa ya Afrika Mashariki haina kitu hiki kwa wingi na kwa heshima kama Kigali. Mlango hutambulika kwa neno amata lililoandikwa ukutani, mara nyingi pembeni ya ng'ombe aliyechorwa kwa rangi. Ndani kuna viti vya plastiki au mabenchi, tangi la maziwa, na kikombe kikubwa cha kumshibisha mtu. Anayetaka ya moto huagiza inshyushyu. Anayetaka ya mgando huagiza ikivuguto, akasindikiza na chapati au andazi. Wanaingia abamotari, yaani madereva wa pikipiki za abiria, kofia zao ngumu zikiwa mapajani. Wanaingia wafanyakazi wa ujenzi, wanawake wenye watoto, na mara nyingine bwana mwenye tai ambaye hataki kuonekana baani. Ng'ombe ana historia nzito katika nchi hii, amekuwa mahari, zawadi na alama ya urafiki, na tangu mpango wa Girinka uanze kugawa ng'ombe kwa familia maskini mwaka 2006, maziwa yamekuwa fahari ya taifa kwa namna mpya. Ila kinachofanyika katika vibanda hivi kinapita kunywa maziwa. Mtu wa Musanze anamkuta wa Huye, anayetafuta kazi anasikia wapi wanaajiri, mgeni wa mtaa anajulishwa nani ni mwaminifu katika kupangisha vyumba. Bei ya kikombe ndiyo kodi ya kiti, nayo ni ndogo kiasi kwamba hata mwenye mfuko mwepesi anaweza kuilipa. Hakuna aliyewaita waje. Hakuna daftari la mahudhurio.

Hapo ndipo hoja ya pili inapoporomoka, ile inayosema mikusanyiko tunayo ya kutosha: kwenye umuganda, yaani kazi ya pamoja ya wananchi, kanisani, harusini. Umuganda hufanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, asubuhi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2007, na asiyehudhuria bila sababu anaweza kutozwa faini. Kazi ikiisha, wakazi hukaa kikao na kujadili mambo ya umudugudu, yaani kitongoji, wao. Ni jambo jema, na nchi nyingi jirani zimelionea wivu. Lakini mkutano wenye ajenda, mwenyekiti na orodha ya waliokuja una kazi yake, na kazi hiyo ina mpaka. Watu husema katika kikao yale yanayofaa kusemwa kikaoni. Mwanamke anayetaka kumuuliza mwenzake kama ile dawa ya shinikizo inamletea kizunguzungu hatanyoosha mkono mbele ya mkuu wa umudugudu. Kijana mwenye wazo la biashara ambalo bado ni bichi halisimamishi mbele ya mtaa mzima. Mambo mengi ya maisha huanza yakiwa nusu, yakihitaji mtu wa kusikiliza bila haraka na bila kuandika. Asubuhi moja kwa mwezi haiyatoshi, na kanisa lenye ibada mbili mfululizo halina nafasi nayo.

Wengine husema: basi waende mkahawani, waende kwenye maduka makubwa, si yamejaa? Yamejaa kweli, na baadhi ni mazuri. Lakini kikombe cha kahawa katika mkahawa wa Kimihurura kinalingana na chakula cha siku cha wakazi wengi wa jiji hili, na mhudumu mwenye adabu anajua jinsi ya kupita mara tatu mbele ya meza isiyoagiza kitu. Hata bustani nzuri ya Nyandungu, ile ya takriban hekta 120 iliyofunguliwa Julai 2022 kwenye bonde oevu lililokuwa limeharibika, ina kiingilio. Ni kazi ya kupongezwa: maji yamerudi, ndege wamerudi, mafuriko yamepungua. Lakini lango lenye tiketi huifanya bustani kuwa safari, jambo la kupangwa mara moja kwa miezi, la siku ya kuzaliwa au ya kupiga picha za harusi. Mama anayeishi dakika tano kutoka hapo na watoto wanne hawezi kuipitia kila jioni. Mahali pa jirani hupatikana kwa kuzoeleka, na hakuna kinachozoeleka kwa tiketi.

Kuhusu wanaosema simu zinatosha kukutanisha watu, hakuna haja ya kurefusha. Makundi ya WhatsApp yanaunganisha watu wanaojuana tayari. Hayamkutanishi mtu na asiyemjua aliye hatua mia moja kutoka mlangoni pake.

Hoja ya wanaolaani baa kama mahali pa kukutania ni nzito zaidi, maana wanaoitoa wameona madhara. Pombe inavunja nyumba, kelele zinawanyima watu usingizi, na serikali tangu Septemba 2023 imezitaka sehemu za starehe zifunge saa saba usiku siku za kazi na saa nane mwishoni mwa wiki. Sawa. Lakini wanaolaani baa wajiulize ni kiti gani kingine kilicho wazi jioni katika mtaa wa watu wa kipato kidogo. Kama kiti pekee cha saa mbili usiku kiko mbele ya chupa, lawama haiwezi kumwangukia aliyekaa peke yake. Kati ya Machi 2020 na Septemba 2021 baa zote zilifungwa kwa sababu ya corona, na jiji likajifunza kitu ambacho limekisahau upesi: watu hawakuacha kukutana. Walijificha vyumbani, wakanywa milango ikiwa imefungwa, na waliokamatwa wakikiuka amri walilazimishwa kukesha viwanjani mwa michezo. Hamu ya kukaa na mwenzako haifungwi kwa kufuli. Ikizuiwa mahali pa wazi inakwenda mahali pa giza. Anayetaka vijana wapungue baani awape taa, benchi na uwanja wa mpira wa kikapu nje yake.

Na hapa kuna jambo la haki ambalo halisemwi vya kutosha. Amri ya waziri ya mwaka 2018 kuhusu vituo vya muda inautaja uzururaji miongoni mwa mienendo inayoweza kumfikisha mtu katika kituo hicho, pamoja na kuombaomba na uchuuzi wa barabarani. Jiji lenye amri ya namna hiyo lina wajibu mkubwa zaidi wa kutoa mahali pa kukaa kuliko jiji lisilokuwa nayo. Kijana aliyeegemea ukuta wa duka la mtu anaweza kuitwa mzururaji. Kijana huyohuyo, akiwa na nguo zilezile na mfuko uleule mtupu, akikaa kwenye benchi la bustani ya umma ni raia anayepumzika. Tofauti kati yao iko kwenye mbao nne na misumari, na ni mamlaka ya jiji inayoamua kama mbao hizo zitakuwepo.

Imebaki hoja ambayo hakuna mwandishi mwenye heshima anayeweza kuipita kwa mbio. Wapo wanaosema, kwa sauti ya chini, kwamba Rwanda si nchi ya kuchezea makundi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, wauaji walikusanyika vizuizini na vilabuni, wakasikiliza RTLM, redio iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, wakagawana mitaa. Aliyeokoka katika siku zile ana haki kamili ya kuona kundi la wanaume wamekaa kwenye kona akahisi damu ikimwendea mbio, na hakuna hoja ya mipango miji inayoweza kumwondolea haki hiyo.

Lakini historia hiyohiyo, ikisomwa kwa makini, inaelekeza kwingine. Kundi la kizuizini halikuwa kundi la watu waliokaa tu. Lilikuwa limeitwa, limepangwa na limepewa amri. Lilikuwa na viongozi wa utawala, wanamgambo na orodha za majina. Utawala wa wakati ule uliugeuza hata mpangilio wa kuwaita wananchi kwenye kazi za pamoja, ukayaita mauaji kazi. Redio nayo ilikuwa sauti ya upande mmoja, inayosema bila kujibiwa. Kilichoua ni utii uliokusanywa, na dawa ya utii uliokusanywa haiwezi kuwa kuhakikisha watu hawakutani ila wanapoitwa. Bila shaka ujirani peke yake haukuokoa. Majirani waliokunywa pamoja waliuana, na kusema vinginevyo ni kuwatukana waliokufa. Hata hivyo Biryogo na Nyamirambo zina kumbukumbu ya Waislamu wengi waliowaficha wenzao, katika mtaa ambao watu wake waliishi uani kwa uani, wakila sahani moja wakati wa sikukuu. Wapo pia waliosaliti, lakini kumbukumbu hiyo ipo na imeandikwa.

Mtafiti wa Kihindi Ashutosh Varshney, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2002, alilinganisha miji ya India iliyokuwa ikilipuka kwa ghasia za Wahindu na Waislamu na ile iliyotulia, kwa mfano Aligarh na Calicut. Aligundua kwamba katika mji mkubwa salamu za kila siku hazitoshi. Kinachozuia moto ni vyama, vilabu na biashara ambamo watu wa pande zote wamo pamoja. Wakosoaji wa nafasi za wazi wangeweza kulitumia hilo kama silaha. Lakini vyama hivyo huzaliwa wapi? Kituo cha Wanawake cha Nyamirambo kilianzishwa mwaka 2007 na wanawake 18 wa mtaani, na leo kinafundisha kusoma, kushona na kutembeza wageni. Wanawake hawafiki kumi na wanane kwa barua. Hufahamiana kwanza, wakapimana, wakaaminiana, na hilo linahitaji mahali na muda usio na ajenda.

Tena nchi hii ina ushahidi mkubwa kuliko huo. Kuanzia mwaka 2005 hadi Juni 2012, mahakama za kijamii za gacaca karibu 12,000, zilizosikiliza kesi za mauaji ya kimbari, zilikaa nchi nzima na kumaliza kesi zinazokaribia milioni mbili. Zilikaa wapi? Nje, chini ya miti, kwenye nyasi, mjane akimtazama aliyemuua mumewe. Gacaca zina wakosoaji wake, na baadhi ya hoja zao kuhusu haki ya watuhumiwa ni za kweli. Lakini nchi iliyothubutu kuwaketisha watu hao kwenye nyasi moja kuzungumza jambo gumu kuliko yote haiwezi leo kuambiwa kwamba hatari iko katika kuwaacha wakae kwenye nyasi hizo kuzungumza mpira.

Waliobeba majeraha ya miaka ile ndio pia wanaolipa zaidi kwa upweke. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulikuta sonona kali kwa takriban asilimia 12 ya wananchi kwa jumla, na kwa asilimia 35 ya waliookoka mauaji ya kimbari. Nchi haina wanasaikolojia wa kuwatosha watu hao, na haitawapata kesho. Benchi si tiba. Lakini mtu asiyeonekana kwa siku tatu mahali alipozoeleka huulizwa habari zake, na mtaa usio na mahali pa kuonekana hauwezi kugundua nani hayupo. Chicago ililijua hilo kwa maumivu Julai 1995, joto kali lilipoua watu 739. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alichunguza mitaa miwili inayopakana, yote maskini. North Lawndale, wenye viwanja vitupu na maduka yaliyofungwa, ulipoteza watu takriban 40 kwa kila wakazi 100,000. Little Village, wenye vijia vilivyojaa watu, vibanda na maduka yanayowatoa wazee nje, ulipoteza wanne. Umaskini ulikaribiana na jua lilikuwa moja.

Kigali imekwisha kuonja hasara ya namna hii katika kuhamisha watu. Wakazi wa Kiyovu ya maskini walipelekwa Batsinda mwaka 2008. Wale wa Kangondo na Kibiraro, mahali ambapo mji mzima ulipaita Bannyahe, nyumba zao za mwisho zilibomolewa mwaka 2022 baada ya mabishano marefu mahakamani, na wengi wakahamishiwa kwenye maghorofa ya Busanza. Nyumba mpya ni imara, zina maji na vyoo ndani, na haifai kuzibeza. Lakini fidia hupima ardhi, kuta na miti. Haipimi kijia ambacho fundi cherehani alikaa na wateja wakamkuta, wala kona ambapo mama muuza mboga alikopesha kwa uaminifu hadi Ijumaa. Serikali iliyojenga makazi hayo ingeweza, kwa gharama ndogo ikilinganishwa na zege la ghorofa moja, kujenga pia yadi yenye vivuli na vizimba vya biashara ndogo. Hilo ndilo jambo la kuongezwa sasa, kabla watoto wa Busanza hawajazoea korido.

Huwa kunabaki neno moja: ardhi. Kigali ni vilima, kiwanja ni ghali, nani atakiacha kitupu? Nairobi iliulizwa swali hilo mwaka 1989, chama tawala kilipotaka kusimamisha mnara wa ghorofa 60 katikati ya Uhuru Park. Wangari Maathai aliandika barua, akaenda mahakamani, akatukanwa bungeni, kesi ikatupwa. Hakunyamaza, wafadhili wakajitoa, na mnara haukujengwa. Tarehe 27 Agosti 2010, Wakenya walikusanyika katika bustani hiyohiyo kushuhudia katiba yao mpya ikitiwa saini. Wachumi waliopiga hesabu ya kodi za ofisi mwaka 1989 hawakuwa na safu ya kuandikia siku kama ile.

Na kwa Kigali hoja ya ardhi haina hata mguu wa kusimamia, kwa sababu sehemu kubwa ya nafasi inayohitajika haiwezi kujengwa kwa vyovyote. Mabonde oevu ya Gikondo, Rwampara, Rugenge-Rwintare, Kibumba na Nyabugogo yako katika mpango wa kurejeshwa katika hali yake ya asili, baada ya viwanda na gereji kuondolewa na mafuriko kuua watu mwaka hadi mwaka. Jumla yake inakaribia hekta 500, na yanapita katikati ya mitaa yenye watu wengi. Njia za miguu na madaraja ya mbao vimo katika mpango huo. Swali lililobaki, na ndilo litakaloamua kama wakazi wa Kimisagara na Gikondo watayahesabu mabonde hayo kuwa yao, ni kama yatazungushiwa uzio wenye dirisha la tiketi. Halmashauri ya Jiji ina uwezo wa kuamua sasa kwamba hayatazungushiwa, na kwamba ada itozwe kwenye mikahawa, maegesho na sherehe za kukodi, si kwa mwenye miguu yake.

Wakishindwa kwenye ardhi, wapinzani hukimbilia matunzo: nani atafagia, nani atarekebisha kiti kilichovunjika, nani atamwagilia mti? Hakuna jiji barani linaloweza kulijibu hilo kwa urahisi kama Kigali. Mikono ya umuganda ndiyo iliyosaidia kujenga madarasa nchi nzima wakati elimu ya msingi ya miaka tisa ilipoanza, na ndiyo inayozibua mitaro kila mwezi. Jumamosi chache zinatosha kila umudugudu kupata mabenchi manane, miti ya kivuli na bomba la maji, na wakazi walioyapigilia misumari watayalinda kuliko kampuni ya ulinzi. Kinachotakiwa kabla ya misumari ni kipande cha ardhi kilichoandikwa kwenye ramani ya kila umudugudu kuwa cha umma, kwa hati, kabla mwenye mtaji hajakiona.